Teste za watoto Lubumbashi: mbio zitangulie, au mpira?

Hoja: Kiangazi ndicho kipindi cha teste, yaani majaribio ya kuchagua wachezaji wa mpira wa miguu, za watoto wa miaka 12 hadi 14. Makocha wengine huanza na mbio za mita 20, na aliyechelewa anarudishwa nyumbani kabla hajagusa mpira. Ni haki?

Kocha wa Katuba:
Ni haki. Watoto 80 wanagombania nafasi 20, kiwanja ni kimoja, na kufika saa nne jua linachoma. Kronometa haijui mjomba wala jirani. Pasi utamfundisha mtoto. Mbio amezaliwa nazo.

Mama wa Kampemba:
Papa Katuba, kronometa haina mjomba, lakini inabonyezwa na kidole, na kidole hukosea hata sehemu mbili za kumi za sekunde. Ukikata kwenye 3.6, yule wa 3.7 umemfukuza kwa kosa lako. Kama lazima mpime, wekeni watu wawili kwenye mstari wa mwisho, saa zianze mguu wa nyuma wa mtoto unapoondoka chini, mchukue wastani wa saa hizo mbili. Kila mtoto akimbie mara mbili, ibaki mbio bora. Na viatu je? Njumu ndefu huteleza kwenye udongo mkavu, na sandali ya plastiki inachomoka. Ardhi ikiwa safi, wote wakimbie peku.

Mtaalamu wa viungo, Kamalondo:
Tatizo kubwa ni mwili wenyewe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi karibu na miaka 13 au 14, ila wengine wanatangulia na wengine wanachelewa sana. Wa Januari na wa Desemba wa mwaka mmoja wameachana karibu miezi 12 nzima. Anayerefuka sasa hivi huenda anaumwa chini ya kikombe cha goti; anakimbia kwa shida, nanyi mnaandika “mzito”. Andikeni mwezi wa kuzaliwa na urefu kando ya namba yake, na raundi moja muwachezeshe wenye urefu sawa pamoja.

Kocha wa Katuba:
Na wanaopunguza umri? Vyeti vingine vinatoka mahakamani miaka mingi baada ya kuzaliwa.

Mtaalamu wa viungo, Kamalondo:
Cheti cha kuchelewa si cha uongo kwa sababu hiyo tu. MRI (picha ya sumaku inayoonyesha ndani ya mwili) ya kifundo cha mkono, ambayo FIFA iliitumia kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009, inasaidia kumnasa aliyevuka 17. Haitakwambia kama mtoto ana 13 au 15.

Mpimaji wa Ruashi:
Mimi nasema mpira kwanza. Wanne kwa wanne, mita 30 kwa 20, bila kipa, goli la koni lenye upana wa mita 2, dakika 6, halafu mchanganye timu. Kwenye 11 kwa 11 winga anaweza kumaliza dakika 20 akiwa amegusa mpira mara chache mno, na wanaojuana wanapasiana wenyewe. Mtazameni asipokuwa na mpira: anageuza kichwa kabla ya kupokea? Akipokonywa, anafanya nini mara moja? Wasaka vipaji wa besiboli Marekani hupima kupiga, nguvu, mbio, kurusha na kudaka, kila kimoja na alama yake, 20 hadi 80, na 50 ni wastani. Hilo tuliige: mbio zisimeze alama nyingine. Kila mpimaji aandike peke yake, bila kunong’ona. Mkubwa akisema “huyu mzuri”, kalamu zote zinamfuata.

Kocha wa Katuba:
Kila mpimaji kuandika alama peke yake, nakubali. Lakini watoto 80, kiwanja kikigawanywa viwanja vinne vidogo, nitawapata wapi wapimaji?

Mama wa Kampemba:
Gawanya asubuhi mbili, watoto 40 kila moja. Viwanja vinne vinabeba 32. Wanane waliobaki ndio wanapimwa mbio. Raundi tano: kila mtoto anacheza nne na kukimbia moja. Ni nusu saa ya mchezo, na kwa mabadilishano na maji haifiki saa moja. Mpimaji mmoja kila kiwanja, wahamie kiwanja kingine kila raundi, wawili kwenye kronometa. Watu sita, Papa, na hakuna mtoto aliyerudi bila kugusa mpira.