Naomba ushauri: nafanya ovahoo ya Peugeot 504 niiendeshe kila siku

KijanaWaSolex

Habari zenu wakuu. Nina Peugeot 504 ya kabureta, ile ya cc 1971, gia za kwenye usukani. Bodi imeshanyooshwa, umeme uko sawa, viti vimeshonwa upya. Imebaki injini. Inawaka na inatembea, ila inakula oili, inatoa moshi wa bluu, na mlimani haina nguvu kabisa.

Nataka kuishusha na kuifanyia ovahoo kamili, yaani kuifungua yote na kubadilisha vilivyochakaa. Nia yangu ni gari la kazini: foleni asubuhi, mizunguko ya jioni, na safari ndefu mara mojamoja. Siendi nalo mashindanoni, na silifungi turubai likae. Tatizo ni kwamba kila ninayemuuliza ana lake. Mmoja anasema nifunge kamshafti (shafti inayofungua valvu) kali na kabureta mbili za Weber, maana ukishaifungua kwa nini usiiongezee nguvu. Wa pili anasema nikate hedi (kifuniko cha juu cha silinda) kidogo mgandamizo upande. Wa tatu anasema niitupe, nifunge injini ya kisasa.

Nimeona seti kamili ya pistoni, ringi na slivu (mabomba ambamo pistoni hutembea) inauzwa. Niichukue kabla haijaondoka? Na nianzie wapi?

SpanaKumiNaTatu

Usinunue kitu chochote. Pima kwanza.

Huo moshi unatoka lini? Ukitoka asubuhi unapowasha, au ukiachia mafuta kwenye mteremko kisha ukakanyaga tena, angalia sili za valvu na gaidi zake (mirija inayoongoza valvu). Ukitoka unapokanyaga mlimani, hizo ni ringi.

Injini ikiwa imepata moto, toa plagi zote nne, kata umeme wa koili, kanyaga mafuta hadi mwisho, funga geji ya kompresheni, piga starta mpaka mshale usimame. Andika namba ya kila silinda. Iliyo dhaifu itie kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda, tatizo ni ringi au slivu. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi. Leta namba hapa ndipo tuongee.

TurboBabu

Injini ya kisasa yenye injekta, unasahau habari ya kusafisha kabureta. Hayo mengine ni kupenda taabu.

KijanaWaSolex

@TurboBabu mkuu, nikitaka injini ya kisasa nitanunua gari la kisasa, litakuja na viti vyake.

@SpanaKumiNaTatu nimepima. Ya 1: bar 9.5. Ya 2: 9.0. Ya 3: 6.5. Ya 4: 9.0. Ya tatu nilipoitia oili ikapanda hadi karibu 9. Moshi unatoka mlimani zaidi, ila asubuhi pia upo kidogo.

SpanaKumiNaTatu

Basi ringi au slivu ya tatu imekwisha, na sili za valvu zimechoka pia. Hapo kuifungua ni halali. Mzee wa Kereza akipita atakupa yaliyobaki, hizi za slivu za maji ndizo zake.

MzeeWaKereza

Nimepita. Mwanangu, soma hii yote kabla hujashika spana.

Injini yako si ya kuchonga silinda. Block ni chuma cha kumimina, lakini pistoni zinatembea ndani ya slivu zinazotoka, na maji ya kupoza yanazigusa moja kwa moja kwa nje. Chini kila slivu imekalia sili yake. Ukishatoa hedi, hakuna kinachozibana tena. Mtu akizungusha krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) hapo, hata kwa nia ya kuangalia tu, pistoni inainua slivu na sili ya chini inavunjika. Ukifunga hivyo hivyo, maji yatashuka kwenye sampu (bakuli la oili la chini) na oili itakuwa kama chai ya maziwa. Kwa hiyo hedi ikitoka, funga vibano vya kushikilia slivu kwa boliti za hedi, hata kama unajua utazibadilisha. Ni tabia ya kujijengea.

Uzuri wake ni kwamba huhitaji mashine ya kuchonga. Unaweka slivu mpya, pistoni mpya, kipenyo kinabaki 88 mm kama kilivyotoka kiwandani, mwendo wa pistoni juu na chini 81. Ndiyo maana wanauza seti. Seti nzuri inaletwa pistoni ikiwa imeshapangwa na slivu yake, usizichanganye.

Kazi yenyewe iko kwenye kimo. Slivu ikikaa mahali pake, ukingo wake wa juu lazima uchomoze kidogo juu ya uso wa block, sehemu chache za mia za milimita. Huo mchomozo ndio unaobana gasketi ya hedi. Slivu ikizama, gasketi haishiki, na ukifika safari ya kwanza ndefu maji yanapotea usijue yanaenda wapi. Na zikipishana kimo, moja juu nyingine chini, gasketi inavuja katikati yao. Pima kwa saa ya kupimia (geji ya mshale inayosoma sehemu za mia za milimita), slivu moja baada ya nyingine, kwa pande nne. Vipimo halisi vipo kwenye kitabu cha karakana cha injini yako. Usikubali cha kukumbuka kichwani, hata changu. Kabla ya yote, safisha vikalio vya slivu ndani ya block. Kutu na tope la miaka huwa vimejaa pale, na punje moja ya kutu inatosha kuharibu kimo.

Krenki ina beringi kuu tano. Pima kila jenali (sehemu ya krenki inayozunguka ndani ya beringi) kwa maikromita sehemu kadhaa, kutafuta kama imekuwa yai au imeisha upande mmoja. Ikiwa ndani ya kipimo, ing'arishe tu, weka beringi mpya za saizi ile ile. Ikiwa nje, inasagwa, unanunua beringi za kupunguzwa. Ndiyo maana Spana amekwambia usinunue: unanunua beringi baada ya mkerezaji kusema, si kabla. Vifuniko vya konrodi na vya beringi kuu vitie alama kabla ya kuvitoa, havibadilishani. Na kumbuka kwa Peugeot silinda namba 1 iko upande wa flaiwili, si upande wa rejeta. Namba zako za kompresheni ulihesabu kutoka wapi?

Ringi, ingiza kila moja ndani ya slivu yake peke yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, pima mwanya wa ncha kwa fila geji. Kwa injini ya barabarani isiyo na tabo, kanuni ya kawaida inatoa karibu 0.35 mm kwa kipenyo chako. Mwanya mdogo ni hatari kuliko mkubwa, maana joto likiziongeza urefu ncha zinagongana na ringi inavunjika.

Kuhusu kukata hedi: hedi ni alumini, ipelekwe ikapimwe kwa rula iliyonyooka. Ikiwa imepinda, isawazishwe kwa kiasi kidogo kabisa cha kuinyoosha, basi. Ukikata kutafuta mgandamizo, injini itaanza kugonga mlimani siku utakayopata petroli dhaifu. Mafuta ya kila siku hayachaguliwi, unatia yaliyopo.

KijanaWaSolex

Shikamoo mzee. Nilihesabu kutoka upande wa rejeta. Kwa hiyo "ya tatu" yangu ni namba 2 ya kitabu. Nimeshaandika kwa chaki kwenye kava.

Na kamshafti?

MzeeWaKereza

Marahaba. Kamshafti kali acha.

Ninakueleza kwa nini, usije ukasema mzee anaogopa. Kamshafti ya mashindano inaiacha valvu ya kuingizia wazi kwa muda mrefu zaidi. Injini ikizunguka kwa kasi kubwa hilo linasaidia, hewa inaingia kwa msukumo wake yenyewe. Ikizunguka polepole, pistoni inaanza kupanda na valvu bado haijafunga, mchanganyiko unarudishwa ulikotoka. Silinda haijai. Kwenye foleni gari litatetemeka, sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) haitulii, na kila ukiondoka utatumia klachi kuliko mafuta. Nguvu uliyolipia iko kwenye mizunguko ambayo ukienda kazini hutaifikia. Gari la kila siku linataka msukumo wa chini na wa kati, na Peugeot waliipanga hii vizuri tangu mwanzo. Iliyo yako ikiwa haijalika pua, irudishe. Ikiwa imelika, nunua mpya ya kiwango kile kile, na tapeti (vipande vinavyosukumwa na kamshafti) mpya. Usiweke tapeti kuukuu juu ya kamshafti mpya.

DadaGereji

Mzee kasema yote ya ndani, mimi naongeza ya nje, maana ovahoo nyingi nazoziona zikirudi gereji zinarudi kwa sababu ya nje.

Rejeta ichomolewe, ifunguliwe, isafishwe. Thermostati mpya, na usiiondoe "ili ipoe vizuri". Injini inayofanya kazi baridi inakula mafuta na kulika mapema. Maji tia kuulanti yenye kinga ya kutu, si maji ya bomba: una alumini juu, chuma chini, na maji matupu katikati yanakula hedi taratibu kwenye njia za maji. Mipira ya maji na ya petroli yote mipya. Petroli ya siku hizi mara nyingi ina ethanoli na mipira ya zamani inalainika.

Kabureta iliyokuja nayo inatosha. Ibadilishe gasketi, angalia kama spindo yake (kijiti kinachozungusha kilango cha hewa) haichezi, kwani ikicheza inavuta hewa na hutaweza kutuliza sailensi hata uwe malaika.

Hapa tu natofautiana na mzee, najua anapenda platinamu (ncha za distributa zinazokata umeme wa koili ili cheche itoke): weka ignisheni ya elektroniki ndani ya distributa ile ile. Kwa nje haionekani, na taimingi haihami kila platinamu inapolika.

MzeeWaKereza

Platinamu ikikufa barabarani unaisugua kwa msasa unaendelea. Hiyo ya elektroniki ikifa unapiga simu.

DadaGereji

Ndiyo maana platinamu ya zamani inakaa kwenye dashibodi, mzee wangu. Haili chakula.

Mpita_Njia

Swali la pembeni: petroli isiyo na risasi haitakula viti vya valvu? Gari langu ni la zamani pia.

SpanaKumiNaTatu

Hedi ya alumini kama ya 504 ina viti vya chuma vilivyopachikwa, kwa hiyo si jambo la kumnyima usingizi. Wenye kuumia zaidi ni wale wa hedi za chuma cha kumimina ambamo kiti kimechongwa kwenye hedi yenyewe. Kama ni yako, wakati wa ovahoo mwambie mkerezaji apachike viti vigumu.

KijanaWaSolex

Asanteni sana. La mwisho: nikishaifunga, naiwashaje mara ya kwanza?

DadaGereji

Ukifunga paka oili ya kufungia, na kwenye kamshafti na tapeti ile grisi yake maalumu. Kabla ya cheche, toa plagi, zungusha kwa starta mpaka presha ya oili ionekane kwenye geji. Chukua ya mshale, hiyo taa ya dashibodi inawaka ukiwa umeshachelewa. Ikiwa kamshafti na tapeti ni mpya, ikiwaka usiiache sailensi. Ipandishe mara moja kama mizunguko 2000 kwa dakika, uichezeshe juu na chini kidogo kwa dakika 20 hivi, ukiangalia presha na joto. Tumia oili yenye zinki ya kutosha, hizi za kisasa nyingi zimepunguziwa.

Kisha liendeshe. Ringi hazikai gari likiwa limesimama. Kanyaga kiasi, achia, kanyaga tena, usishike mwendo mmoja muda mrefu wala usiivute ikilalamika kwenye gia kubwa. Oili ya kwanza mwaga ifikapo kilomita 500 na uitazame kwenye mwanga. Hedi ikaze upya kwa mpangilio wa kitabu na urekebishe tapeti, isipokuwa gasketi uliyonunua imesema wazi haihitaji.

KijanaWaSolex

Sawa dada. Pampu ya oili nibadilishe hata kama presha haikuwa mbaya?

MzeeWaKereza

Ifungue, pima uwazi wa gia zake na kifuniko. Kikiwa kimechimbika, badilisha. Na kwa kuwa gia boksi itakuwa chini, weka sili mpya ya nyuma ya krenki pamoja na klachi. Ile 504 ina bomba zito lililofunika propela hadi difu, na hakuna fundi anayependa kulishusha mara mbili.