Kilo zimeshuka lakini mwili haujachoreka: wa Mtwara na Lindi tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Niko Ligula, Mtwara mjini. Mwaka jana nilikuwa na kilo 98. Nikawa nakimbia kila alfajiri hadi ufukwe wa Shangani na kurudi, wali wa usiku nikaupiga marufuku. Nikafika 76. Siku ya kwanza kuvua shati pale Shangani, mdogo wangu akaniangalia weee, akasema: "Kaka, umepungua kweli, ila umekuwa kama gunia lililomwagwa korosho."

Alisema kweli. Tumbo dogo ila teketeke, kifua kimeshuka, mikono yote nyama uzembe. Mimi kwa akili zangu nikazidisha kukimbia na kupunguza sahani. Nikagonga 73, mashavu yakaingia ndani, mama akaanza kuniuliza kwa upole kama nimeshapima.

Aliyenitoa huko ni jamaa mmoja mwenye vyuma vyake uani. Aliniambia, "Kuni zimekuishia, sasa unachoma nguzo za nyumba." Ukipungua bila kubeba kitu kizito, mwili hauli mafuta peke yake, na misuli inaondoka humo humo. Akanipa siku tatu kwa wiki: kuchuchumaa na chuma begani, kunyanyua kutoka chini, kusukuma kifuani, kujivuta kwenye bomba. Chuma chenyewe ni bomba lenye makopo ya rangi ya lita 4 yaliyojazwa zege. Kila siku naandika kwenye daftari lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Wiki hii mara 8, wiki ijayo 9, nikifika 12 naongeza uzito.

Chakula ndicho kilinisumbua. Nalenga protini gramu 1.6 hivi kwa kila kilo yangu, kama 120 kwa siku. Yai moja lina gramu 6, piga hesabu mwenyewe. Kwa hiyo samaki, dagaa, kunde, mbaazi. Korosho ndiyo ilikuwa inaniangusha: gramu 100 ni kalori kama 550, na mimi nilikuwa namaliza bakuli kabla mpira haujafika mapumziko. Mwezi wa tano tangu nianze vyuma, mabega yakaanza kuonekana. Nyie je?

*Mama wa wawili, Mikindani:* Mimi sina jimu, nina dumu la lita 20. Likijaa maji ni kilo 20, nachuchumaa nalo jioni watoto wakicheza. Mapaja yamekaza na mabega yamechoreka mpaka wifi anauliza natumia nini. Tumbo bado lina ngozi iliyolegea, na hiyo nimeiacha. Ngozi iliyovutika muda mrefu hairudi yote, msiwadanganye wenzenu.

*Mbeba magunia:* Mnahesabu gramu, sie tunahesabu magunia. Msimu wa korosho nakatika vipande bila daftari.

*Mleta mada:* Mkuu, gunia ndiyo jimu yako. Msimu ukiisha?

*Mbeba magunia:* Hahaha. Ukiisha narudi kuwa baba wa kawaida.

*Kijana wa Lindi:* Nilipiga sitapu 200 kila siku Mitwero, miezi mitatu. Nilichopata ni maumivu ya mgongo. Mafuta ya tumbo hayaondoki kwa kuwa umefanyia kazi tumbo, mwili unachota unakotaka wenyewe, na kwangu tumbo lilikuwa la mwisho kabisa. Nikanunua na unga wa protini kwa bei ya mbuzi. Ni wa maziwa, na mimi na maziwa hatuelewani. Nilishinda chooni.

*Dada wa Masasi:* Ramadhani mnafanyaje?

*Mleta mada:* Nabeba baada ya tarawehe, seti zinapungua nusu, uzito siugusi. Nilipoteza kidogo sana. Daku nakula kunde, ming'oko, ile mizizi yetu ya porini, naiacha ya futari, maana hiyo ni wanga mtupu ingawa mitamu.

*Mama wa wawili, Mikindani:* Baba, hayo makopo ya zege bomba linakaaje katikati? La mume wangu limepinda, akinyanyua anaenda upande kama ngalawa.

*Mleta mada:* Dada, asimwage yote mawili siku moja. Kopo la kwanza, bomba lisimame wima limefungwa kamba kwenye kenchi, alimwagie maji kila siku wiki nzima. Ndipo ageuze.