Gute (kitafunio cha saa kumi) ya batoto bila moto na bila kisu, kwenu munafanyaka nini?

Mama Furaha (Goma, Himbi)
Jambo ba mama na ba papa. Tuko mu vakansi, batoto banashinda ku nyumba, na saa kumi ikifika tu kila mutu anakuja kunilalamikia njaa. Nilikuwaka nawanunulia biskwi na mandazi ku butiki ya hapa karibu lakini franga inaisha, na tena banameza haraka haraka kisha banaanza kugombana. Sasa natafuta gute yenye benyewe banaweza kutengeneza na ibachukulie wakati. Mukubwa ana miaka 10, wa katikati 7, kitinda mimba 4. Ku mbabula (jiko ya makala) sitaki bakaribie, kisu pia hapana. Frigo iko lakini kuran (umeme) inakuja vile inataka, kwa hiyo mambo ya kugandisha musiniambie. Avoka, ndizi, mukate na karanga ya kusaga hapakosi. Munisaidie tafazali.

Yaya wa Kadutu
Mama Furaha, weye unaishi Goma na ndizi iko mu nyumba na unauliza? Baunde chikudu, ile kinga ya mbao ya kusukuma yenye magurudumu mbili! Chukua zile ndizi fupi, kamaramasenge, mutoto anamenya mwenyewe. Ndizi njo ile mbao ya kubebea mizigo. Biskwi mbili za duara njo magurudumu, unapaka karanga ya kusaga upande moja ya biskwi unaigandamiza ku ndizi, moja mbele moja nyuma, karanga ikiwa nzito inashika kabisa. Usukani wanavunja kipande cha ngozi ya mukate banakichomeka mbele. Kisha banapakia mizigo, na hapa njo utacheka, juu kila mutu anataka ya kwake ibebe kuliko ya mwingine. Kwangu magunia ni fromaji (jibini) ya Masisi. Kisu hauitaji, fromaji inakatika na uzi: mukubwa anashika uzi ku ncha mbili, anauvuta kuelekea chini pole pole, kipande kinatoka laini kabisa. Hata ndizi inakatika hivyo.

Angalia tu ndizi isiwe imeiva kupita, ile yenye madoa mengi inalegea na chikudu inapinda katikati mbele ya safari. Hiyo imelegea usitupe, baiponde na uma, baongeze maziwa ya unga mpaka ishikane, bavirigishe vidonge kwa mikono kisha bavitembeze mu karanga ya kupondwa. Kuponda: karanga ya kukaangwa mu sashe (mufuko ya plastiki), funga, mpe wa miaka 7 chupa ya plastiki yenye maji ndani agonge. Atafurahi kuliko kula kwenyewe. Lakini kitinda mimba usimupe karanga nzima, kwa miaka 4 inaweza kumukaba ku koo, yake isagwe kabisa.

Papa_Katindo
Hiyo ya chikudu nimeiba lol. Ya kwangu ni Nyiragongo, ile mulima ya moto ya hapa Goma. Avoka laini, mutu mukubwa anaipasua, batoto banatoa nyama na kijiko banaiponda na sukari na limau. Limau musisahau, avoka ikipigwa na hewa inaanza kugeuka nyeusi na limau inaichelewesha, si hivyo watasema imeoza na hawatakula. Banaijenga mulima ku sahani, banatoboa juu na kidole gumba, marakuja (pasheni) inamiminwa mu shimo mpaka inashuka ku mbavu. Pembeni unabomoa biskwi njo mawe.

Mwalimu wa Ndosho
Muzuri, lakini mimi ile mchezo ya Nyiragongo siko nayo. Tarehe 22/5/2021 ilipolipuka, usiku tulitembea na batoto kuelekea Sake, wengine mpaka leo bakiona mawingu yamekuwa mekundu kule juu hawalali. Sitaenda kuwawekea ile mambo ku sahani. Na kabla ya gute yoyote mikono inaoshwa na sabuni, matunda inaoshwa na maji ya kuchemsha ao yenye kloro, si yale ya bidon vile yanatoka ku ziwa, kolera hapa kwetu haijaisha.

Papa_Katindo
Mwalimu nimekusikia, pole sana. Ya kwangu benyewe njo baliipatia hilo jina, balizaliwa nyuma ya hapo karibu wote. Basi fanya Idjwi, kile kisiwa cha mu ziwa Kivu: avoka ile ile, usitoboe juu, marakuja unaimwanga pembeni yote inakuwa ziwa. Ukipata nanasi ya Idjwi yenyewe ku soko ya Kituku unaweka vipande juu, njo miti.

Mwalimu wa Ndosho
Hapo sawa. Na pirogi (mutumbwi) je?

Papa_Katindo
Ngozi ya limau, nusu.

Lushois_K
Ninyi ba Kivu na avoka zenu, mutatuua na wivu, huku Lubumbashi siku ingine ukiuliza bei unarudisha mkono mufukoni 😂 Sisi tunatumikisha mukate. Unageuza glasi kichwa chini, mutoto anagandamiza ku mukate, inatoka duara. Anapaka karanga ya kusaga, kisha anachora uso: macho ndizi, kinywa kipande cha papai, nywele inakuwa zile mabaki ya pembeni ya mukate amezichana chana. Kila mutu anamuchora ndugu yake na hapo kelele inaanza. Na mwenye anaweka asali, mutoto hajamaliza mwaka moja asali hapana, hata kulamba.

Mama Furaha (Goma, Himbi)
Aksanti sana jamani. Leo tumeunda chikudu, ya mukubwa ilikuwa na magunia mpaka ndizi haionekani, wa 4 alikula magurudumu mbele ya kuyafunga. Yaya, swali: fromaji yangu ngozi ya inje imekuwa ngumu na nyeupe nyeupe, banakula ao ninatupa yote?

Yaya wa Kadutu
Usitupe yote mama. Kata upande ule wa kuvu na uende ndani kama sentimita mbili na nusu, kwa hiyo hapo chukua kisu weye mwenyewe, uzi hautaweza. Ya ndani ikiwa na harufu yake ya siku zote bapakie tu.