Nataka kazi ya farasi na niko Lamu, nisomee nini?

BintiLangoni
Asalam alaykum jamani. Nimemaliza form four mwaka jana nikapata B-, bayo B, kemia na hesabu zote C+. Kwetu tuna punda wanne wa kubeba mchanga na mawe kutoka kwa majahazi, nimewalea tangu mdogo, kuwaosha kuwalisha yote mie. Lakini roho yangu iko kwa farasi, msicheke. Shangazi yangu wa Nairobi alinipeleka Ngong siku ya mbio, watu wako na mambo yao ya kubeti mie nimesimama pale wanapozungushwa kabla hawajaenda kukimbia, nawatazama tu miguu. Mama asema hiyo kazi ya wazungu, baba ataka nisomee unesi. Sasa kuna ajenti yuwanambia Uingereza kuna digrii ya farasi watupu, nitume elfu tisini ya usajili kwanza. Nifanyeje?

mtu_wa_sogi
Farasi Amu?? Vichochoro vyenyewe punda wawili wenye sogi, yale matandiko ya mzigo, wakikutana mmoja arudi nyuma 😂😂 soma unesi dada, wagonjwa hawaishi

mamake_Fahmi
Mwanangu hiyo elfu tisini usitume. Digrii za farasi Uingereza zipo kweli, lakini chuo hukuandikia barua wenyewe, na barua yao hutangulia pesa. Mpwa wangu alituma kwa mtu hivyo hivyo, kozi ya meli, simu ikazimwa siku ya pili. Na hata ukipata kwa haki, karo ya mwanafunzi wa nje ni mamilioni kwa hela yetu, baba atauza punda wote na nyumba juu.

dokta_kwato
BintiLangoni mie ni daktari wa mifugo, niko Malindi. Wacha kutafuta chuo cha farasi peke yake, kwa hapa kwetu mlango ni udaktari wa mifugo, halafu farasi unamfuata ukiwa ndani. Digrii ni miaka 5, Chuo Kikuu cha Nairobi pale Upper Kabete ama Egerton, na nikwambie ukweli huko ni ng'ombe, kuku, mbwa, mbuzi, farasi ni sehemu ndogo tu. Kwa alama zako B- inakuvusha C+ ya digrii lakini ushindani wa hiyo kozi ni mkali, angalia klasta yako, yaani alama za masomo ya kozi hiyo, vizuri kwa KUCCPS wanaogawa nafasi za vyuo. Ukikosa usilie, kuna diploma ya afya ya wanyama kwenye chuo cha AHITI Kabete, ukimaliza unasajiliwa na bodi ya mavetinari maana sheria ya 2011 inawatambua mpaka wa diploma. Bila bodi hata uwe na mkono mzuri vipi huruhusiwi kutibu.

Na huyo punda unayemuonea haya mbele ya farasi ndiye shule yako. Kwato, meno, tumbo, karibu vyote ni ndugu. Palipo tofauti ndipo wengi wa bara hukosea: farasi akiumwa tumbo utamjua, anachimba chini, anajitupa, anagaragara. Punda anasimama tu kimya, masikio yameshuka, hataki kula, mwenye punda anadhani amechoka kumbe tumboni mna mifuko ya plastiki aliyookota jaani. Na dawa nyingine mwili wa punda huzimaliza upesi kuliko wa farasi, ukimpa kwa ratiba ya farasi hukumsaidia. Hapo Lamu mna kliniki ya punda tangu 1987, ilianzishwa na Waingereza wa The Donkey Sanctuary, sijui waliokulia hapo wangapi wamewahi kuingia kuomba kushika kamba tu. Nenda.

saisi_mstaafu
Nami niseme. Nilikuwa saisi, mtunza farasi, miaka kumi na moja, zizi gani nisitaje. Daktari kasema kweli ila kitabu hakitakufundisha kusimama. Farasi humwendei kwa nyuma, wala mbele ya uso kabisa, unakuja ubavuni pa bega huku unaongea, unaweka mkono shingoni, unateremsha polepole mpaka chini ya goti ndipo unabana kidogo yeye mwenyewe anainua mguu. Ukimvuta atakuegemea na ana kilo mia nne na zaidi. Saa kumi alfajiri uko macho, mshahara mdogo. Lakini hivi ndo ninavyojuta, sikuwa na karatasi. Usiku mmoja farasi hakumaliza chakula, anageuka anaangalia ubavu wake, nikasema huyu ana msokoto wa tumbo, meneja akanambia nilale. Farasi hawezi kutapika dada yangu, kilichoingia hakina njia ya kurudi juu. Daktari aliitwa asubuhi, alfajiri ile nilikuwa nimekaa na kichwa chake mapajani. Ningekuwa na diploma ningempigia daktari mwenyewe. Soma, halafu likizo njoo mazizini bara ushike ufagio.

mtu_wa_sogi
haya nimenyamaza

BintiLangoni
Ahsanteni sana wallahi, ajenti nimemblock. Dokta swali la pili, punda wetu mmoja ana kidonda mgongoni sogi inaposugua, baba humpaka oili chafu ya injini, ni sawa?

dokta_kwato
Si sawa, inaunguza nyama changa. Osha kwa maji safi ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, asibebe kitu mpaka ngozi ifunge, na mpeleke kliniki uulize sindano ya pepopunda. Hilo jina halikutoka hewani, punda na farasi ndio pepo hiyo huwaua upesi.

BintiLangoni
Nimemwambia baba. Amekubali apumzike siku tatu, mie nimeomba kumi, bado twavutana. Kliniki naenda naye kesho baada ya alfajiri kabla jua halijawa kali.

saisi_mstaafu
Na sogi iangalie upande wa ndani, utakuta mshono umekauka kama msumari.