Nahodha wetu ameandika kuhusu ndoa na mfadhili anataka afute: nimshauri vipi?

Kocha wa Umoja

Ninafundisha klabu ya mtaa huku Eastlands, Nairobi, yenye timu ya wanaume na ya wanawake, zote mbili zikifanya mazoezi kwenye uwanja mmoja wa vumbi na kugawana mipira na koni. Nahodha wa wanaume, Mkatoliki anayeongoza vijana parokiani kwao, alifunga ndoa mwezi wa Agosti, na baada ya wiki chache akaandika kwenye ukurasa wake wa Facebook maneno haya, ambayo ninayanakili kama yalivyo: "Mume ni kichwa cha nyumba na mke ni moyo wake. Ndoa ni ya mume na mke. Dada zangu, msidanganywe kwamba kazi itawapa furaha kuliko watoto." Aliambatanisha picha yake na mkewe, yeye akiwa amevaa jezi ya klabu yenye jina la mfadhili kifuani.

Kufikia jioni kulikuwa na vita. Wako waliomwandikia "Amina" kwa wingi, wako waliomwita mshamba, na mmoja alimwandikia mkewe moja kwa moja kumpa pole kwa kuolewa. Kesho yake afisa wa kampuni inayotununulia jezi na kutulipia marefa alinitumia ujumbe kwa WhatsApp: "Kocha, tunaomba ujumbe ule uondolewe kabla ya Jumatatu, na mchezaji aombe radhi hadharani." Kijana anasema yuko tayari kuachia unahodha, ila haombi radhi kwa imani yake. Upande wa pili, kipa wa timu ya wanawake, anayemlea mwanawe peke yake na huja mazoezini akitoka kuuza mitumba Gikomba, hamsalimii tena.

Wachezaji wangu wananitajia Harrison Butker, yule mpiga mateke wa Kansas City Chiefs, timu ya futiboli ya Kimarekani, aliyeshambuliwa mwaka 2024 kwa hotuba yake kuhusu wanawake na familia, na wanasema haya ni yaleyale. Je, nina haki ya kumwamuru afute? Na kama sina, nimwambie nini yeye, mfadhili na yule kipa?

Wakili wa Ngara

Kocha, nitajibu upande wa sheria tu, maana upande mwingine una wenyewe.

Ibara ya 32 ya Katiba yetu inamlinda kila mtu katika dhamiri, dini na imani yake, na inamruhusu kuidhihirisha hadharani au faraghani. Ibara ya 33 inalinda uhuru wa kujieleza. Inatenga uchochezi na matamshi ya chuki, kisha inaongeza jambo ambalo watu wengi hulisahau, kwamba anayeutumia uhuru huo sharti aheshimu haki na hadhi ya wengine. Maneno uliyoyanakili yanaweza kumchoma msomaji, lakini sioni yanapofika kuwa chuki. Sentensi yake ya pili hata inakaribiana na Ibara ya 45, inayotaja haki ya mtu mzima kufunga ndoa na mtu wa jinsia tofauti. Namwomba tu asiishie hapo, kwa sababu ibara hiyohiyo inaendelea kusema kwamba mume na mke wana haki sawa wanapofunga ndoa, wakiwa ndani yake na inapovunjika.

Kuhusu kuamuru, huyu si mwajiriwa wako. Hata angekuwa mwajiriwa, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaitaja dini miongoni mwa sababu zisizokubalika za kumfuta mtu kazi. Ndiyo maana kesi ya Israel Folau, mchezaji wa raga wa Australia aliyefukuzwa kwa alichoandika mtandaoni, inafaa kusomwa kwa makini kabla ya kutajwa kijiweni. Rugby Australia, shirikisho la raga la nchi hiyo, halikusema linamfukuza kwa sababu ya Ukristo. Lilisema amevunja kanuni za maadili alizokubali kwa mkataba, baada ya kuandika Instagram mwezi wa Aprili 2019 kwamba jehanamu inawangoja mashoga, walevi, wazinzi na wengineo, ilhali alikuwa ameshaonywa mwaka uliotangulia. Alishtaki, na Desemba 2019 wakapatana kabla ya kesi kusikizwa, kwa hiyo hakuna hakimu aliyeamua kama imani ingemkinga.

Ushauri wangu ni mmoja: tafuta mkataba wa mfadhili uusome kipengele cha jezi. Maneno ni ya kijana. Jezi ni tangazo lililolipiwa, na mtu akiiona katika picha ile atadhani kampuni nayo inasema hivyo. Hapo mfadhili ana hoja ya haki. Kwenye radhi hana.

Refa Mstaafu

Mimi ningefuta. Msimu una gharama, marefa hawalipwi kwa Katiba.

Katekista, Kariobangi

Mzee wangu Refa, ukifuta leo kwa sababu ya fedha, kesho utaulizwa kwa nini wachezaji wanapiga ishara ya msalaba wakiingia uwanjani.

Kocha, naona kwanza tutenganishe mambo matatu ambayo sote tunayaita kushambuliwa. Kuna anayekujibu, kuna anayekufukuza, na kuna anayekusanya umati ili ufukuzwe. Butker alizungumza tarehe 11 Mei 2024 katika mahafali ya chuo cha Kikatoliki cha Benedictine, mjini Atchison, Kansas, akiwa mgeni aliyealikwa, na ukumbi ulisimama kumpigia makofi. Alichokutana nacho baadaye kilikuwa cha aina ya kwanza na ya tatu. NFL, ligi ya timu yake, ilitangaza kwamba maoni yale si ya ligi, na watu zaidi ya 200,000 walitia saini mtandaoni wakitaka klabu imwachishe. Haikumwachisha. Kamishna wa ligi, Roger Goodell, alisema wachezaji wana maoni tofauti kama ilivyo nchi yenyewe, jezi ya Butker ikawa miongoni mwa zilizouzwa sana, na Agosti mwaka huohuo alitia saini mkataba mpya. Anayewaambia vijana kwamba alinyamazishwa anawadanganya. Folau ndiye aliyepoteza kazi, na Manny Pacquiao, bondia wa Ufilipino, alipoteza udhamini wa Nike Februari 2016, ingawa kilichomponza ni kuwafananisha mashoga na wanyama, jambo aliloliombea radhi huku akishikilia msimamo wake juu ya ndoa. Miezi mitatu baadaye Wafilipino wakamchagua kuwa seneta.

Sasa nigeukie kwetu. Hapa Nairobi ni rahisi kumtetea Butker, kwa kuwa wengi wetu tunakubaliana naye kabla hajafungua mdomo. Je, mchezaji wa Gor Mahia au AFC Leopards akiandika kesho kinyume cha tunavyoamini, sisi tunaodai uhuru wa kusema tutamwacha aseme? Ninaijua parokia yangu, na jibu ninalijua. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Kijana asiombe radhi kwa fundisho la Kanisa. Lakini mwambie, kama ndugu, kwamba amefundisha nusu. Mafundisho ya ndoa katika sura ya tano ya Waraka kwa Waefeso, kunakotoka neno hilo la kichwa, yanatanguliwa na mwito wa kunyenyekeana, na mzigo yanaomtwika mume ni wa kuitoa nafsi yake kama Kristo alivyojitoa kwa ajili ya Kanisa. Ningetaka kuona chapisho la mwanamume aliyeoa juzi linaloanza na wajibu huo, kabla hajafika kwa dada zake.

Mama Neema wa Kayole

Nimecheza voliboli miaka mingi na nimelea watoto watatu, kwa hiyo mniruhusu niseme kwa urefu, maana hadi sasa mmezungumza wanaume watupu kuhusu furaha ya wanawake.

Sina ugomvi na sentensi mbili za kwanza. Nimeolewa kanisani na ninaamini hivyo. Kilichomuumiza kipa ni lile neno "msidanganywe". Hajadanganywa na mtu. Anauza nguo Gikomba kwa sababu mtoto anakula kila siku na karo haingoji, na baba wa mtoto, ambaye ndiye angestahili kuandikiwa barua ndefu kuhusu familia, hakutajwa. Butker naye alikwama palepale. Aliwaambia wasichana waliokuwa wakipokea digrii siku ileile kwamba wao ndio waliodanganywa zaidi, akaeleza kuwa maisha ya mkewe yalianza hasa alipoishi wito wake wa mke na mama. Huenda kwa mkewe ni kweli, na hakuna anayeweza kumpinga. Lakini mama yake mwenyewe ni mtaalamu wa fizikia ya tiba katika kitengo cha mionzi kinachotibu wagonjwa wa saratani. Na miongoni mwa waliomjibu walikuwa watawa Wabenediktini wa Mount St. Scholastica, ambao shirika lao ni mojawapo ya waanzilishi wa chuo hicho, wakisema hawakubali kwamba kuwa mama wa nyumbani ndio wito wa juu kabisa wa mwanamke. Hao ni wanawake walioweka nadhiri. Mtu akisema kila aliyempinga Butker anauchukia Ukristo, atawaweka wapi?

Tena huku kwetu maneno kama "kichwa cha nyumba" hayaangukii masikio matupu, hasa yakitoka kwa mwanamichezo. Oktoba 2021 Agnes Tirop, mshindi wa shaba mbili za dunia katika mita 10,000, aliuawa kwa kisu nyumbani kwake Iten, na mumewe akashtakiwa. Septemba 2024 Rebecca Cheptegei wa Uganda, aliyekuwa ametoka kukimbia marathoni ya Olimpiki ya Paris, alifia hospitalini Eldoret baada ya kumwagiwa petroli na kuchomwa moto na aliyekuwa mpenzi wake, nyumbani kwake Trans Nzoia. Sisemi kwamba nahodha wenu anafanana na wauaji, ningekuwa ninamwonea. Ninasema kwamba msichana anayecheza mpira na kuleta hela nyumbani anaposoma kuwa mume ni kichwa, anakumbuka majina hayo kabla ya kukumbuka Waefeso, na mwandishi mwenye busara angelijua hilo.

Kama anataka kusifu familia, mifano tunayo. Faith Kipyegon alishinda dhahabu ya mita 1500 Rio 2016, akajifungua binti mwaka 2018, akarudi akashinda tena Tokyo na Paris. Mumewe, Timothy Kitum, ana shaba yake ya mita 800 kutoka London 2012. Nyumba ile ina ndoa, mtoto na kazi, na sioni nani humo aliyedanganywa.

Kuhusu radhi: asilazimishwe. Radhi ya kulazimishwa kipa ataijua kabla haijaisha kusomwa. Aende azungumze naye uso kwa uso, bila simu mkononi. Na yule aliyemwandikia bibi harusi kumpa pole ndiye aliyekosa adabu kuliko wote katika kisa hiki, ila naona hakuna anayemdai radhi.

Kocha wa Umoja

Asanteni sana, nyote. Mkataba nimeupata, ni kurasa mbili, na kipengele cha nne kinasema jezi haitatumika katika tangazo lolote bila idhini ya mfadhili, lakini hakuna neno juu ya maoni ya wachezaji. Nimezungumza na nahodha jana baada ya mazoezi. Picha ya jezi ameiondoa na kuweka ya harusi, maneno ameyaacha. Nilipomsomea alichoandika Mama Neema kuhusu baba wa mtoto, alinyamaza kidogo, kisha akasema hilo angependa kuliandika peke yake bila kuhimizwa na mtu, nami sikumhimiza.

Mfadhili nimemwandikia kwamba suala la jezi limekwisha na kwamba klabu haitamwamuru mchezaji kuomba radhi kwa imani yake, kama ambavyo haitamwamuru kipa akubaliane nayo. Amesoma, hajajibu. Mzee Refa, ukisikia mtu anayejitolea kuchezesha mechi mbili za Jumapili kwa nauli tu, nipigie.