Mtoto mbishi ndiye anayefaa kuwa wakili wa makampuni? Napinga

Mtoa mada: Wadau, mtoto akijua kubishana tu, ukoo mzima unasema: "Huyu akasome sheria." Kwa kesi za jinai sina ugomvi. Sheria ya makampuni ni kazi nyingine kabisa, na huko tunapeleka vijana ambao hawataipenda.

Tazameni kazi yenyewe. Kampuni inataka kununua nyingine. Wakili anakaa na mafaili: wanahisa walioandikishwa BRELA, wakala wa usajili wa makampuni, ni akina nani, kiwanja kina hati au kimewekwa rehani benki, TRA, mamlaka ya mapato, inadai nini, kuna kesi gani mahakamani, Tume ya Ushindani inapaswa kuarifiwa au la. Hakuna hakimu wala wasikilizaji, na siri za mteja hazisimuliwi hata nyumbani.

Anayefaa hapo ni yule ambaye akiona kifungu kimoja kinapingana na kingine, hapati usingizi mpaka vipatane. Anapenda kujua biashara inaingizaje fedha, na mizania haimtishi. Anawaza mabaya mapema, ila hana raha dili likivunjika. Anatafuta maneno ambayo pande zote zitayatilia saini. Na mteja tajiri akitaka jambo lisilofaa, anamwambia halifai.

Mshahara unavuta, na si dhambi. Ila anayefuata mshahara peke yake ataishiwa nguvu mkataba ukirudishwa kwa mara ya kumi usiku wa manane.

Mchangiaji: Mkuu, umesahau mazungumzo ya mezani. Mawakili wa upande wa pili wakikuona mpole wanakumaliza. Tena kijana mwenye moyo wa haki unamtuma akawatumikie matajiri? Bora akatetee wanakijiji wanaoporwa ardhi.

Mtoa mada: Kujibizana mezani kupo, nakubali. Lakini mwenye sauti kubwa asiyesoma viambatisho hushindwa na mpole aliyevisoma, na ushindi huo hauonekani mpaka mgogoro utokee.

Hilo la haki ndilo linaloniuma zaidi. Chukua Ntaka Hill, mradi wa nikeli kule Nachingwea. Mabadiliko ya sheria ya madini ya 2017 na kanuni zilizofuata yalifuta leseni hodhi, yaani za kushikilia eneo lenye madini kabla ya kuanza kuchimba, na mradi huo ulikuwa na leseni ya aina hiyo. Mwekezaji mkuu alikuwa kampuni ya Australia, lakini hisa zilipitia kampuni zilizosajiliwa Uingereza, nchi yenye mkataba wa kulinda uwekezaji na Tanzania uliosainiwa 1994. Kwa mkataba huo wakatushtaki. Julai 2023 baraza la usuluhishi la kimataifa likaamua tulipe zaidi ya dola milioni 109. Mwaka 2024 pande zikakubaliana dola milioni 90.

Mpangilio ule wa kampuni haukuhitaji msemaji hodari. Ulihitaji mtu wa karatasi, mvumilivu, anayejiuliza kila siku: serikali ikibadili sheria, mteja wangu atashika wapi? Upande wetu nao ulihitaji mtu wa namna hiyohiyo, wa kusoma mkataba wa 1994 kabla leseni hazijafutwa, na mwenye ujasiri wa kusema gharama itakuwa nini.

Fedha hizo ni za wanakijiji haohao unaotaka watetewe. Sasa kijana mwenye uchungu na nchi, msomaji, asiyependa jukwaa, wewe unamshauri aende wapi?