Tupeane uzoefu: siku ulipokwenda kushuhudia ukatimuliwa

Mwana_Mbagala (mtoa mada)
Wakuu, leo asubuhi kwenye daladala ya Rangi Tatu–Kariakoo kapanda dada mmoja na Biblia yake. Hata "Bwana Yesu asifiwe" haijaisha, konda kamkatiza: "Dada, Yesu kakulipia nauli?" Gari zima kicheko. Dada wa watu katoa nauli yake, kashuka kituo kilichofuata. Nikakumbuka yangu ya Mbezi, mbwa na suruali ya kuazima. Nisiseme zaidi. Mwageni zenu, na moyo ukivunjika huwa mnafanyaje?

Jongoo_wa_Pugu
Hiyo ya mbwa imalizie bwana, usituache njiani.

Mangi_Kihamba
Mimi nilimshuhudia baba. Desemba, nimetoka chuo, nimeokoka miezi mitatu, naona ukoo mzima unaelekea motoni. Baba ni mzee wa usharika, Mlutheri wa kuzaliwa. Kisusio kimeshamiminwa, nikamwambia, "Baba, bado hujaokoka." Akaweka kijiko chini. "Ada yako nimelipa kwa kahawa ya kihamba hiki. Kwenye ubatizo nilikupakata mimi. Leo mimi ndiye mpagani?" Hakufoka. Alibeba bakuli lake akaenda kumalizia jikoni na mama. Hatukusemeshana hadi Mwaka Mpya. Kwa mtu baki unakung'uta mavumbi ya miguuni unasonga mbele. Kwa baba unakung'utia wapi, na viatu kavinunua yeye?

Jongoo_wa_Pugu
Hapo kwenye viatu umeniua.

Bint_wa_Pangani
Mimi Muislamu. Wakija nawapa kiti na maji, nasikiliza. Wakianza kumgusa Mtume nawaonesha mlango. Kijitabu cha mwisho walichoniachia nilifungia bagia.

Mtumishi_Kamili
Neno la Mungu unafungia bagia? Utajibu siku ile.

Bint_wa_Pangani
Na ziliisha zote, mtumishi.

Kinanda_Tandika
Naandika hii kwa mara ya kwanza. Kanisani kwetu tulikuwa na wiki ya nyumba kwa nyumba, tunatumwa wawili wawili kama wale wa Luka 10. Nyumba ya tatu tukapokewa na mzee mmoja, kanzu imepauka, mpole. Katutolea viti nje. Kasikiliza dakika kama ishirini hivi, anaitikia kwa kichwa, mwenzangu ananibana kiwiko kwamba huyu tumempata.

Tulipomaliza akauliza, "Nyie ni wa pale penye spika mbili juu ya bati?" Tukasema ndiyo, kwa furaha. Akasema mkewe aliugua miezi minne, chumba chake ni kile chenye dirisha la upande wenu. "Usiku wa mkesha wenu wa mwisho aliniomba nimzibe masikio. Nilikaa nimemziba kwa viganja mpaka alfajiri. Jumapili nikamzika." Akakunja kile kipeperushi mara nne, akanirudishia, akatufungulia geti taratibu.

Mkesha ule mpiga kinanda nilikuwa mimi.

Mangi_Kihamba
Dah.

Mwana_Mbagala
Pole ndugu yangu. Uzi wangu wa mbwa umeishia hapa.

Mtumishi_Kamili
Pole, lakini hizo ni mbinu za adui kukuzimisha kinanda. Mkesha haukumuua mama wa watu.

Sauti_ya_Nyikani
Mtumishi, mbona huna hata chembe ya haya? Mimi mwenyewe mlokole na naungana na yule mzee. NEMC, wale wa baraza la mazingira, wakija kupima kelele tunalia tunateswa kwa ajili ya imani!

Mtumishi_Kamili
Na muziki wa baa je? Huo haumfikii mgonjwa?

Sauti_ya_Nyikani
Baa hawaji kunigongea asubuhi kuniambia wananipenda.

Babu_Historia
Turudi kwenye mada. Mmisionari Krapf, Mjerumani, alifika Mombasa 1844, mwaka huohuo akazika mke na mtoto mchanga. Baadaye akajiunga naye mmisionari mwenzake Rebmann, wakakaa Rabai. Anaondoka 1853 waliokubali kubatizwa ni wa kuhesabu kwa vidole. Ila alikaa chini akajifunza Kiswahili cha wenyeji mpaka akakiandikia kamusi. Nyie mmekataliwa na nyumba tatu mnataka kuzira.

Jongoo_wa_Pugu
Babu, yule alikuwa na watu wa kumtumia hela Ulaya. Mimi nikitoka kushuhudia narudi kwa miguu.

Mama_Kijora
Ushauri wangu: msiende na njaa, na msiende saa ya mchezo wa Simba na Yanga. Hata mimi nafukuza.

Mtumishi_Kamili
Ukikataliwa funga siku tatu.

Mama_Kijora
Ukikataliwa nenda kale. Amani yako inarudi kwako, ndivyo ilivyoandikwa, na yenyewe inahitaji pa kukaa.

Bint_wa_Pangani
Kinanda_Tandika, ulirudi kwa yule mzee?

Kinanda_Tandika
Nilirudi wiki iliyofuata, peke yangu, bila Biblia, na kilo mbili za sukari. Geti lina kufuli. Jirani akasema kahamia kwa mwanawe Kibaha. Sukari nikaiacha kwa jirani. Kinanda nimeacha, siku hizi napanga viti.

Bint_wa_Pangani
Na spika?

Kinanda_Tandika
Sasa hivi ziko nne.